Pampu za migodini na viwandani: maswali tunayoulizwa mara kwa mara karakanani, Lubumbashi

Karakana yetu iko Kampemba, upande wa viwanda. Wanaokuja ni wa kila aina: mkulima wa bonde la Kafubu mwenye pampu ya kilowati 4, na mkuu wa matengenezo wa kiwanda cha shaba mwenye pampu ya kilowati 250. Maswali yao yanafanana kuliko wanavyodhani. Tumeyaandika hapa kwa namba, ili pale jibu moja linapogusa jingine tukuelekeze badala ya kurudia.

## Mambo ya mwanzo

1. Ukarabati mkubwa wa pampu ni nini hasa?

Huku tunaita revizyo. Ni kuifungua pampu yote, kuisafisha, kupima kila sehemu inayosugua au kubeba nyingine, kubadilisha kilichopita kipimo, kuifunga upya na kuijaribu. Kazi yenyewe hasa ni hapo kwenye kupima. Pampu iliyobadilishwa rulema mbili (maana yake iko swali la 2), ikapakwa rangi ya bluu na kurudishwa kwa mwenyewe haijakarabatiwa, hata kama inang'aa.

Kuna na upande wa pili, ambao wengi wanauruka: kujua kilichoiua. Rulema haichakai kwa wiki tatu bila sababu. Ama shafti imepinda, ama mota na pampu havikunyooshwa, ama maji yameingia kwenye grisi. Fundi akikurudishia pampu, muulize sababu, na uidai kabla ya kulipa. Asipoijua, utarudi kwake na kipuri kile kile mkononi.

2. Ninyi mnasema rulema, fundi wa ng'ambo ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, anasema beringi. Ni kitu kimoja?

Ndiyo. Katanga imejifunza ufundi kwa Kifaransa, Zambia na Tanzania kwa Kiingereza, na vipuri vyetu vingi vinapita huko. Kwa hiyo rulema ni beringi, ile pete ya gololi inayobeba shafti, mhimili unaozunguka. Tresi ni ile kamba ya kuzuia maji ambayo wengine wanaiita pakingi. Garnitiri ni sili ya kimekanika, nyuso mbili zinazobanana ili maji yasitoke. Turbini ni gurudumu lenye mapanga, kwao impela. Klape ni valvu isiyoruhusu maji kurudi. Vane ni valvu ya kufunga na kufungua. Krepini ni chujio la mdomo wa bomba la kuvuta. Ukiagiza kipuri kwa simu, taja namba iliyochongwa juu yake. Majina yanachanganya watu, namba ni ile ile pande zote mbili za mpaka.

3. Pampu ifunguliwe kila baada ya muda gani?

Hakuna jibu moja. Pampu ya maji safi iliyonyooshwa vizuri inaweza kukaa miaka bila kufunguliwa, na pampu ya matope ya mawe inaweza kumaliza turbini kwa miezi michache. Sisi tunapinga desturi ya kufungua kwa kalenda peke yake, kwa sababu kila ufunguzi ni nafasi ya kuingiza uchafu na makosa. Fungua kwa dalili: mtiririko umepungua, ampea zimebadilika, mtikisiko umeongezeka, joto la rulema limepanda.

Lakini dalili inaonekana tu kwa anayejua hali ya kawaida ilikuwaje. Ndiyo maana tunawaomba wateja wote waweke daftari karibu na pampu: tarehe, shinikizo la kuvuta, shinikizo la kutoa, ampea za kila fezi (kila moja ya njia tatu za umeme wa mota), joto la rulema. Mistari mitano kwa wiki. Daftari lile, hata likiwa na alama za vidole vya mafuta, linatusaidia kuliko chombo chochote tulicho nacho.

4. Uzalishaji umesimama. Si tunaweza kupunguza matengenezo ya pampu hadi kazi ianze tena?

Swali hili ndilo linalotuumiza zaidi, kwa sababu jibu lake liko kilomita 30 hivi kutoka hapa. Mgodi wa Kipushi, wa zinki na shaba, ulianza kuchimbwa mwaka 1924. Mwaka 1993 ulisimamishwa, ukabaki katika hali ya kutunzwa tu. Mwanzoni mwa 2011 ukafurika, kwa sababu pampu zilikuwa zimekosa matengenezo kwa muda mrefu. Maji yalipanda hadi kufika mita 851 tu chini ya uso wa ardhi, wakati njia kuu ya usafirishaji na vituo vya pampu viko zaidi ya mita 1,100 chini. Yakazama magari, mota na nyaya. Kuyatoa kukawa kazi ya miaka, na uzalishaji ulirudi mwaka 2024.

Mgodi ukisimama, maji hayasimami. Uzalishaji ukikatika, punguza gharama nyingine. Pampu za kutoa maji ziendelee kutunzwa kama zamani, na ile ya akiba iendelee kuzungushwa (tazama swali la 18).

## Kabla ya kuifungua

5. "Papa fundi, pompe inakataa mayi." Niilete?

Subiri kwanza. Pampu nyingi zinazoletwa kwetu kwa lalamiko hili hazina ugonjwa ndani. Angalia kwa mpangilio huu ukiwa pale pale. Mota inazunguka upande sahihi? Pampu ya turbini ikizunguka kinyume bado inatoa maji kidogo, ndiyo maana inadanganya watu. Krepini imeziba? Masika, majani na mifuko ya plastiki yanaifunga kwa usiku mmoja. Bomba la kuvuta linaingiza hewa? Paka povu la sabuni kwenye maungio: upande wa kuvuta, mahali penye tundu povu linanyonywa ndani badala ya kutoa mapovu. Vane imefunguka kweli, au mkono unazunguka na ulimi wake umekatika ndani?

Ukimaliza hayo na shinikizo bado ni dogo, funga vane ya kutoa kabisa kwa sekunde chache huku pampu ikizunguka, usome geji. Linganisha na karatasi ya pampu. Ikiwa shinikizo hilo liko karibu na la karatasi, turbini yako huenda ni nzima na tatizo liko kwenye mabomba. Ikiwa limeanguka sana, ilete. Usifanye jaribio hili kwa pampu ya pistoni au ya skrubu; hizo hazifungwi mlango, zitapasua bomba.

6. Pampu hii ilivuta vizuri ilipokuwa Matadi. Kwa nini hapa inasumbua?

Kwa sababu Lubumbashi iko juu, mita 1,200 hivi juu ya bahari. Pampu haivuti maji kwa nguvu zake. Inapunguza shinikizo mdomoni, kisha hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji kupanda. Karibu na bahari, hewa inaweza kusukuma maji hadi mita 10.3. Hapa kwetu ni karibu mita 9, na Goma, iliyo juu zaidi, ni pungufu ya hapo.

Tufanye hesabu. Toka kwenye mita 9 ondoa 0.3 ya mvuke wa maji yenye nyuzi 25, ondoa mita 1 ya msuguano wa bomba na krepini, ondoa mita 3 ambazo pampu yenyewe inadai (zimeandikwa NPSH kwenye karatasi yake), kisha acha nusu mita ya usalama. Imebaki mita 4.2. Kule Matadi pampu hiyo hiyo, bomba lile lile, ungeiweka mita 5.5 juu ya maji. Mtu akihamisha mtambo wake na kuufunga kwa vipimo vya zamani, anapata kelele ya swali linalofuata.

7. Kuna sauti kama kokoto zinapita ndani, lakini maji ni safi. Ni nini?

Ni maji yanayochemka bila moto. Shinikizo likishuka sana mdomoni mwa turbini, vinazaliwa viputo vya mvuke. Vikifika mahali penye shinikizo vinapasuka kwa nguvu kwenye chuma na kukinyofoa punje kwa punje. Turbini ya namna hii ukiishika mkononi unaijua hata macho yakiwa yamefumbwa: nyuma ya ncha ya kuingilia, panga limekuwa kama mkate ulioliwa na mchwa, makali na mashimo madogo madogo, wakati sehemu nyingine bado ni laini kama siku ilipotoka kiwandani.

Kubadilisha turbini hakuponyi hili. Shusha pampu iwe karibu na maji, ongeza upana wa bomba la kuvuta, ondoa viwiko vilivyo karibu na mdomo, safisha krepini. Ikishindikana, bana kidogo vane ya kutoa ili mtiririko upungue. Kamwe usibane vane ya kuvuta.

8. Nikiileta, nije na nini?

Picha ya kibao cha jina cha pampu na cha mota. Daftari, kama lipo. Picha ya mahali ilipofungwa, mabomba yakionekana. Na tafadhali usiioshe wala kuifungua "ili kuwarahisishia." Rangi ya grisi, upande tresi ilipoungua, vumbi jekundu la chuma chini ya kaplingi (kiungo cha mota na pampu), hayo yote ni ushahidi, na hozi ya maji inaufuta. Pampu za asidi peke yake ndizo zinaoshwa kabla ya kuja, na kwa namna yake: swali la 20.

## Juu ya meza ya kazi

9. Mkiifungua mnapima nini?

Shafti kwanza. Tunailaza juu ya mihimili miwili ya V, tunaweka geji ya saa juu yake na kuizungusha kwa vidole, polepole. Sindano ikicheza zaidi ya milimita 0.05, shafti imepinda, hata kama jicho linaiona imenyooka kama mshale. Wateja wengi wanaamini siku wanaposhika shafti wenyewe na kuangalia sindano ikienda na kurudi.

Kisha pete za kuzuia maji kurudi, zile kati ya turbini na kifuniko. Nafasi yake ikifika mara mbili ya ile ya mwanzo, tunabadilisha. Maji yanayorudi hapo umeyalipia umeme na hayaendi popote. Kisha bushi ya shafti (bomba fupi linaloivisha) mahali tresi inapokaa: ukucha ukikwama kwenye mfereji, bushi imekwisha, na tresi mpya juu yake itaungua. Mwisho nyumba ya rulema, kwa mikromita ya ndani, pande tatu. Nyumba iliyotanuka inaacha pete ya nje izunguke, na hakuna gundi wala alama za kupiga kwa panchi zitakazoirudisha. Itobolewe na kutiwa bushi, basi.

10. Kwa nini mnakataa kupiga rulema kwa nyundo? Mafundi wengine wanafanya.

Kwa sababu pigo linapita kwenye gololi na kuacha alama kwenye njia zake, na alama hiyo inaanza kulia baada ya siku chache. Tunaipasha rulema joto hadi nyuzi 110 hivi, isizidi 120, kwa mafuta au kwa kipasha-joto cha sumaku. Pete ya milimita 50 ikipashwa kwa nyuzi 80 zaidi inatanuka karibu milimita 0.05. Inatosha: inateleza yenyewe kwenye shafti, unaishikilia dakika moja hadi ibane, na hujasikia hata mlio. Moto wa gesi moja kwa moja unaharibu ugumu wa chuma. Rulema iliyogeuka rangi ya samawati ni ya kutupa.

Kuhusu rulema bandia: zipo, na masanduku yake yanapendeza. Mwaka mmoja tulinunua mbili kwa bei nzuri katika duka la mjini, tukazifunga kwenye pampu ya mteja katikati ya mvua. Zilidumu wiki tatu. Tuligharamia kazi yote ya pili, na tangu hapo tunanunua kwa muuzaji anayetoa ankara na anayekubali kuturudishia. Angalia maandishi kwenye pete: yawe safi, ya kina kimoja, yafanane na ya kwenye sanduku. Bei ikiwa nusu ya ile ya kawaida, hujapata bahati.

11. Tresi au garnitiri?

Garnitiri haivuji, haili shafti na haihitaji mkono kila siku. Lakini ikikosa maji kwa muda mfupi sana nyuso zake zinapasuka, na inataka shafti isiyotikisika. Tresi inavuja kidogo muda wote, ila inatoa taarifa kabla ya kufa, na mlinzi wa pampu anaweza kuikaza saa nane za usiku kwa spana moja. Kwa pampu ya maji iliyo mbali, porini, ambako kipuri kinachukua wiki, tunapendekeza tresi bila aibu. Kwa asidi, kwa mafuta na mahali watu wanapita karibu, garnitiri.

Ukifunga garnitiri, usiguse nyuso zake kwa vidole, na angalia mpira wa pete zake. Kwenye viwanda vya shaba vinavyotenganisha kwa kimiminika, ndani kuna asidi pamoja na dawa ya jamii ya mafuta ya taa. Mpira wa EPDM unavumilia asidi hafifu, lakini mafuta yanauvimbisha. Hapo tumia mpira wa aina nyingine, Viton. Na EPDM usiipake grisi ya kawaida wakati wa kufunga, utakuwa umeiua mwenyewe.

12. Tresi mpya inaungua siku ya kwanza. Nimekosea wapi?

Karibu kila mara imekazwa mno. Tresi inapozwa na maji yanayovuja. Ukizuia matone yote, umewasha moto. Inatakiwa tone moja hivi kila sekunde.

Kipimo cha tresi ni kipenyo cha chumba toa cha shafti, gawa kwa mbili: chumba cha 84 na shafti ya 60, tresi ni 12. Toa za zamani zote, hadi ile ya chini kabisa iliyogeuka jiwe; nyingi za kwetu zinakuja na pete tatu za zamani chini ya mbili mpya. Kata kila pete juu ya bomba lenye unene wa shafti, ingiza moja moja, maungio yapishane robo mzunguko. Pete ya taa, ile yenye matundu, ikae mbele ya tundu la maji. Ikikaa kando, maji ya kupozea hayafiki. Kaza kwa mkono tu, washa, acha ivuje vizuri nusu saa, kisha kaza nati kidogo kidogo, zote mbili sawasawa.

13. Turbini imeliwa. Mnaweza kuijaza kwa kulehemu?

Ya bronzi au ya chuma cha pua, mara nyingi ndiyo. Ya chuma cha kusubu, mara chache. Ile ya kromu nyingi ya pampu za matope, hapana, inapasuka.

Ikishajazwa lazima isawazishwe. Turbini ya kilo 20 inayozunguka mara 1,450 kwa dakika, kwa daraja la G6.3 linalotumika kwa pampu, inaruhusiwa kosa la gramu 5 na nusu tu kwenye ukingo wa milimita 150 kutoka katikati. Mkono wa kulehemu unaacha zaidi ya hapo bila kujua. Anayekuambia amesawazisha kwa jicho, mwambie akupe karatasi ya vipimo.

14. Kipuri kiko njiani kutoka Afrika Kusini, lori limekwama Kasumbalesa. Mnaweza kuchonga hapa?

Shafti, bushi, pete za kuzuia, kaplingi, ndiyo, na mara nyingine vyema kama vya asili, mradi tujue chuma ni kipi. Mapanga na nyumba ya pampu ni kazi ya kusubu, na hapo umbo la ndani likikosewa kidogo pampu inakunywa umeme bila kutoa maji. Tunakubali kwa dharura, tukiandika kwenye ankara kwamba ni cha muda.

## Kuirudisha kazini

15. Kunyoosha mota na pampu kwa rula hakutoshi?

Kwa pampu ndogo ya bustani labda. Kwa inayozunguka mara 1,450 au 2,900 kwa dakika, hapana. Tunatumia geji za saa na kutafuta kosa lisilozidi milimita 0.05, kiasi ambacho rula haikioni. Kaplingi ya mpira "inayovumilia" inavumilia yenyewe; rulema na garnitiri hazivumilii.

Kabla ya kunyoosha, tafuta mguu mlegevu: legeza boliti moja ya mota huku geji iko juu ya mguu huo. Ukiinuka zaidi ya milimita 0.05, chini yake kuna pengo, na kila unapokaza unapinda mota nzima. Weka bati la unene huo. Pia funga mabomba baada ya kunyoosha, kisha pima tena. Bomba lililovutwa kwa mnyororo ili lifikie pampu litaipinda pampu usiku na mchana. Tumeona nyumba ya pampu iliyopasuka mguu kwa sababu hii tu.

16. Kwa nini mnasisitiza mota ijaribiwe peke yake kabla ya kuunganishwa?

Kwa sababu ya fezi. Kebo ikikatika na kuungwa upya, fezi mbili zikibadilishana mahali, mota inazunguka kinyume. Kwa pampu ya maji unapoteza maji. Kwa pampu ya matope, ambayo turbini yake imefungwa kwa hesi kwenye shafti, mzunguko wa kinyume unaifungua turbini na kuigongesha kwenye kifuniko. Sekunde mbili zinatosha kuvunja kilichogharimu miezi ya kusubiri. Toa mikanda au kaplingi, washa kwa kugusa tu, tazama mshale. Kila baada ya kazi ya umeme, iwe ya kwako au ya mtaani.

17. Niiwashe vipi mara ya kwanza?

Ijaze maji hadi hewa yote itoke kwenye kizibo cha juu. Zungusha shafti kwa mkono. Vane ya kuvuta wazi kabisa, ya kutoa karibu ifungwe, kwani pampu ya turbini ya kawaida inachukua umeme mdogo zaidi hapo. Washa, fungua taratibu, andika ampea na mashinikizo kwenye daftari. Kaa nayo saa moja, usiende kula.

## Matengenezo ya kila siku

18. Pampu ya akiba haifanyi kazi. Inahitaji nini?

Kuzungushwa. Pampu iliyosimama kando ya inayofanya kazi inatikisika nayo, na gololi zinasugua mahali pamoja hadi zinachimba vishimo. Kila wiki izungushe kwa mkono mzunguko mmoja na robo ili isirudi palepale. Kila mwezi iwashe kwa kweli. Kabla ya kuiwasha baada ya mvua nyingi, pima kinga ya nyaya za mota kwa mega ya volti 500; ikiwa chini ya megaomu 1, ikaushe kwanza.

19. Grisi kiasi gani? Na kwa nini mota inaungua?

Grisi ina hesabu rahisi: kipenyo cha nje cha rulema, mara upana wake, mara 0.005, unapata gramu. Rulema namba 6310 ina milimita 110 kwa 27: gramu 15 hivi. Pima bomba lako la grisi kwenye mizani ya jikoni ujue pigo moja linatoa gramu ngapi. Rulema iliyojazwa hadi inatema inajichemsha yenyewe. Usichanganye grisi za aina mbili. Ya lithiamu na ya poliurea zikikutana mara nyingi zinalainika na kumwagika.

Mota ni mazungumzo mengine. Ikiungua, mwambie mfunga nyaya akuonyeshe mviringo (nyaya zilizofungwa ndani ya mota) kabla ya kuutoa. Vikundi vya nyaya vya fezi mbili vimeungua na kimoja ni safi, katika muungano wa nyota: fezi moja ilipotea. Muungano wa pembetatu unaonyesha kinyume chake, kikundi kimoja cheusi na viwili safi. Nyaya zote nyeusi sawasawa: mzigo mkubwa au volti ndogo. Mota ya volti 380 isilazimishwe chini ya 342. Relei ya kulinda fezi ni bei ndogo sana karibu na kufunga nyaya upya.

Kwa wanaotegemea jenereta: isome hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde, kawaida 50). Jenereta iliyochoka ikishuka hadi 47, mwendo wa pampu ni asilimia 94, lakini kimo cha maji kinashuka hadi asilimia 88. Tangi lililo juu halijai, na watu wanalaumu pampu.

## Hali ngumu

20. Pampu ya asidi ya sulfuriki: niioshe vipi kabla ya kuileta?

Kwanza kufuli kwenye swichi ya mota, funguo mfukoni mwako. Toa asidi yote kupitia kizibo cha chini. Kisha maji mengi, kwa mtiririko mkubwa tangu mwanzo, kwa sababu maji kidogo juu ya asidi kali yanachemka na kurusha. Endelea hadi karatasi ya kupimia iseme ni maji tu. Ngao ya uso, glavu ndefu, aproni, na bomba la kuoshea macho lililojaribiwa asubuhi hiyo.

Jambo ambalo watu hawalijui: asidi kali ya asilimia 98 haili chuma cha kawaida haraka, lakini ikichanganyika na maji inakula na kutoa haidrojeni. Pampu iliyofungwa vizibo baada ya kuoshwa nusu nusu ni kopo la gesi inayolipuka. Ilete vizibo vikiwa wazi, na usilehemu wala kukata kwa moto kabla haijapitishwa hewa na kupimwa.

21. Turbini ya pampu ya matope imekwama kwenye hesi. Niipashe moto?

Usifanye hivyo. Nyuma ya hesi kuna nafasi iliyofungwa yenye maji au grisi. Ikipashwa, mvuke unatafuta njia na turbini inaruka kama bomu. Tumia ubao wa kuzuia mapanga na mkono mrefu wa kugeuzia shafti, dawa ya kulegeza, na subira ya usiku mzima. Ikishindikana kabisa, kata turbini kwa jiwe la kukatia ukiokoa shafti. Wakati wa kufunga mpya, paka hesi grisi ya shaba.

22. Tresi za pampu ya matope zinaisha kila wiki.

Angalia maji ya kuzibia. Shinikizo lake liwe juu ya lile la kwenye chumba cha tresi kwa nusu bar hivi. Likiwa chini, mchanga ndio unaoingia, na bushi inaliwa kama kwa tupa. Yafunguliwe kabla ya pampu kuwashwa, yafungwe baada ya kusimama. Halafu rudi kwenye swali la 12.

23. Pampu ya kuzamishwa: nitajuaje kama sili ya chini imekufa?

Fungua kizibo cha mafuta. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Sili ya juu bado inaulinda mviringo wa mota, kwa siku ambazo hatuwezi kukuhesabia. Itoe majini leo.

24. Pampu ni ya zamani, kibao kimepotea, hakuna anayejua ni ya kiwanda gani. Itupwe?

Sivyo lazima. Tunayo sasa moja kwenye meza, ya chuma kizito, nyumba yake bado ni nene pande zote tulipoipima. Mapanga sita, kipenyo cha kutoa milimita 150, shafti ya 55 mahali pa rulema. Rulema zina namba, kwa hiyo zinapatikana. Shafti tutachora na kuchonga. Pete tutatengeneza kwa bronzi. Mkunjo wa kazi yake (mchoro wa shinikizo na mtiririko) tutauchora wenyewe kwenye tangi la majaribio, alama tano kuanzia vane iliyofungwa hadi iliyo wazi, na mwenyewe atapewa karatasi hiyo pamoja na kibao kipya chenye tarehe.

Tungeikataa kama nyumba ingekuwa imeliwa hadi chini ya nusu ya unene wake, au kama kazi ingezidi theluthi mbili ya bei ya pampu mpya yenye kazi sawa. Huo ni mpaka wetu wenyewe hapa karakanani, na tunauandika kwenye makadirio kabla ya kugusa boliti ya kwanza.